Penalti Niliyompa Mdogo Wangu

Siwezi kutazama mpira nimekaa. Wajukuu zangu wameshazoea. Wakiniwekea kiti mbele ya televisheni hapa Nsemulwa, Mpanda mjini, wanajua nitakikalia mpaka mpira uvuke nusu ya uwanja, halafu nitasimama, nitasogea pembeni ya kabati kutafuta upenyo, kana kwamba refa wa kwenye kioo atanisikia nikimwambia ahame, beki amemziba. Magoti yangu yamestaafu. Macho yamekataa.

Nawaandikia nyie vijana mlioanza kushika kipyenga mkoani kwetu, hasa nyie wa kike, kwa sababu juzi kijana wa bodaboda alinipakia kutoka sokoni akaniuliza swali nililoulizwa miaka yote ya kazi: "Mama Kabula, niambie ukweli. Kwa nini marefa timu kubwa mnazipa penalti, ndogo mnazinyima?"

Nilifungua mdomo, tukawa tumefika. Akaondoka zake. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni na kapu la nyanya, namjibu mtu ambaye hayupo. Basi nimeona bora niwajibu nyie.

Jibu fupi ni kwamba ndiyo, inatokea. Watu wanadhani ni bahasha. Bahasha zipo, sikatai, lakini bahasha ni rahisi kuikataa kwa sababu unaiona. Kinachomshinda refa ni vitu visivyo na umbo. Mchezaji wa timu yenye watu wengi akianguka ndani ya kumi na nane, uwanja mzima unaona faulo kabla yako. Wa timu ya kijijini akianguka hivyo hivyo, kimya, utasikia mpaka mbuzi anayelia nje ya uwanja. Na mkono wa refa una tabia ya kulifuata sikio. Ndiyo maana nawaambia kila siku, kipyenga kikae mkononi, kisikae mdomoni. Ile safari ya mkono kwenda mdomoni ndiyo inayokupa nafasi ya kujiuliza umeona au umesikia.

Halafu kuna usafiri. Siku hizi mnapewa nauli, Mungu awabariki waliolifikiria hilo. Zamani zangu nilipelekwa Kibaoni kuchezesha mechi ndani ya gari la timu ya mjini, tukala wote njiani, wakaniimbia nyimbo, wakanipa siti ya mbele nisipate vumbi. Kipindi cha pili beki wao akamkumbatia mtu mbele ya goli kama anamuaga shangazi yake. Nikaweka mpira kwenye tuta. Mchezo ulipokwisha nikatoka na begi langu, gari halipo. Nilirudi Mpanda juu ya lori la mchele, nimekaa kwenye magunia, tunapita katikati ya hifadhi, mbung'o wananichoma kupitia soksi. Tulipofika darajani Sitalike dereva akasimama kuangalia viboko, akanipigia kelele kutoka chini, "Mama refa, na hawa huwapi kadi?" Nilicheka mpaka machozi. Lakini nilijua kwamba refa mwingine, ambaye si mwizi wala mla rushwa, angeikumbuka barabara ile kabla ya kupuliza.

Aliyenifundisha haya alikuwa Mzee Ally, mtu wa Karema, muuza dagaa aliyehamia mjini na kugeuka mshika kibendera. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakuwahi kumwita mtu yeyote mjinga, hata aliyestahili. Alikuwa akinipeleka jioni kwenye viwanja vya Kawajense watoto wakicheza mpira wa makaratasi, tunasimama, mtoto anaanguka, ananiuliza: "Umetoa nini?" Nikishajibu anasema: "Haya, badilisha jezi." Maana yake, kichwani mwako aliyeanguka mvike jezi ya aliyemwangusha, na aliyemwangusha mvike ya mwenzake. Ukiona uamuzi wako umebadilika, basi hukuamua mpira, umeamua nguo.

Sasa niwaambie siku ambayo kubadilisha jezi kulinishinda, na ilivyokuwa baadaye.

Nina mdogo wangu, Masanja, kitinda mimba wa mama yetu. Baba alituhamisha kutoka Usukumani na ng'ombe wake mpaka Mpimbwe, na Masanja nilimbeba mgongoni njia nzima. Alikulia Kibaoni, hukohuko Mpimbwe, akajifunza chenga kwenye majaruba ya mpunga, mahali ambapo ukichelewa kuinua mguu unaacha kiatu. Alipokuwa mkubwa akawa namba tisa wa timu ya pale, Viboko. Sikuwahi kuona mtu anageuka na mpira vile, mgongo kwa beki, halafu ghafla uso kwa kipa. Msimu ninaousema, Viboko walikutana na Mizinga, timu ya mjini, mechi ya mwisho ya ubingwa wa mkoa. Mizinga sare iliwatosha. Viboko lazima washinde. Na ilijulikana kuna mtu atakuja kutoka timu moja kubwa ya kanda ya ziwa kumwangalia Masanja.

Nikapangiwa mimi.

Niliwaambia kamati kwa mdomo wangu: yule namba tisa ni mdogo wangu, tumbo moja. Lakini marefa wa daraja lile tulikuwa wachache, mmoja anaumwa, mwingine amefiwa. Wakawauliza viongozi wa timu zote mbili. Nilijua Mizinga watakataa. Kumbe ndio waliofurahi. Mwenyekiti wao, Bwana Edgar, mfanyabiashara wa mbao mwenye kicheko kikubwa, alinishika mkono mbele ya watu: "Tunakutaka wewe, mama refa. Msimamo wako tunaujua." Nikaona nimeheshimiwa.

Kipindi cha kwanza nilichezesha kwa ukali. Masanja akisukumwa, naonyesha mchezo uendelee. Masanja akigusa mtu, faulo. Akininung'unikia, kadi ya njano. Upande wa pili krosi ya Viboko ikampiga beki wa Mizinga mkononi ndani ya kumi na nane. Nikatikisa kichwa, nikaendelea kukimbia. Mashabiki wa mjini wakanipigia makofi. Nawaambieni, makofi ni kitu kibaya kwa refa. Ukisikia unapigiwa, angalia vizuri ulikokanyaga.

Wakati wa mapumziko Mzee Ally, aliyekuwa mshika kibendera wangu siku hiyo, alikuja na chupa ya maji. Hakunipa. Aliishika tu.

"Kabula, ule mkono."

"Ulikuwa umebana mwilini."

"Sawa. Badilisha jezi."

Nikabadilisha. Ikawa penalti.

Akaniuliza, "Unajua kwa nini Edgar alikukubali?"

"Kwa sababu ananiamini."

"Kwa sababu anajua utamwogopa mdogo wako kuliko unavyomwogopa yeye."

Kuna maneno yanaingia kama maji ya baridi kwenye jino bovu. Nilitaka kurudi uwanjani palepale. Mzee Ally akaona, akanishika bega. "Sasa usiende kulipa. Ukiwalipa Viboko cha kipindi cha kwanza, utakuwa umekosea mara mbili na hakuna aliyepata haki. Kilichopita kimepita. Anza upya, kama ndiyo kwanza umeshuka kwenye gari." Ndipo akanipa maji.

Vijana, shikeni hilo. Penalti haiwi fidia. Watu wa redioni wakisema refa ametoa moja huku na moja kule, hesabu imelingana, msikubali kusifiwa. Mizani ya dukani inalingana hata ikiwa na mawe pande zote mbili.

Basi nikaanza upya. Masanja akisukumwa, faulo. Akisukuma yeye, faulo. Makofi yakaisha. Mpira ukawa mgumu, bila bila, jua limeanza kulegea, Mizinga wanapoteza muda kila wakirusha. Kisha mpira mrefu ukamkuta Masanja amempa mgongo beki namba nne, kijana mmoja mzuri tu, mstaarabu, sijawahi kumwonyesha kadi. Masanja akageuka kwa ile staili yake. Mimi nilikuwa nimeshahama, sikuwa nyuma yao. Nilikuwa pembeni, nauona mwanga kati ya miili yao. Mpira ukapita. Namba nne akaunyoosha mguu kuufuata, akachelewa, njumu yake ikampata Masanja kwenye kifundo. Masanja akaenda chini.

Mkono wangu ulisafiri mpaka mdomoni. Niliuona mguu. Nikapuliza, nikanyoosha kidole kwenye tuta.

Halafu ile sauti, sijui niiteje, kama bati linang'olewa na upepo. Wachezaji wa Mizinga wakanizunguka. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikatembea kwenda kwenye mstari wa goli bila kukimbia, bila kumtazama mtu usoni. Ndipo Masanja akainuka, akachechemea mpaka nilipo, akaniinamia kama anayelalamika.

"Dada, futa."

"Rudi nyuma ya mstari."

"Nimejiangusha. Waambie nimejiangusha, nipe kadi ya pili nitoke, yaishe. Tazama nyuma yako, dada. Watakuua."

Nikatazama. Kamba ya kuzuia watu ilikuwa chini. Askari waliokuwepo walikuwa wachache na walikuwa wanarudi nyuma kidogo kidogo. Mmama mmoja wa Kisukuma, ambaye bila shaka ni wa kwetu, alikuwa analia, "Mayu! Mama yangu! Kimbia!"

Na sheria iliniruhusu. Kabla mpira haujapigwa, refa anaweza kubadili uamuzi wake. Mchezaji mwenyewe amekiri. Ningemtoa nje, ningeonekana refa mkali asiyejali damu, ningepigiwa makofi kuliko ya kipindi cha kwanza, na Bwana Edgar angeninunulia soda. Nilimtazama Mzee Ally kule pembeni. Akanyoosha viganja. Hakuona, beki alimziba. Ilikuwa ya kwangu peke yangu.

Lakini nilikuwa nimemjua Masanja tangu hana meno. Akidanganya, hatazami chini kama watu wengine. Anakukazia macho. Na alikuwa amenikazia macho.

"Namba tisa," nikamwambia, "ndugu yangu yuko nyumbani. Wewe hapa ni mchezaji. Rudi nyuma ya mstari."

Alirudi. Nahodha wa Viboko akapiga, mpira ukaingia. Sina mengi ya kusimulia kuhusu yaliyofuata. Tulifungiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mawe yanalia juu ya bati, Mzee Ally amekaa sakafuni anajifuta damu kwenye paji la uso na kile kibendera chake cha njano. Nje gari la Viboko liliondoka na ubingwa bila wimbo.

Kamati ilituita ukumbini mjini wiki hiyo hiyo. Bwana Edgar alikuwa ameandika malalamiko kwamba dada na mdogo wake walikula njama. Ikithibitika, mimi nafungiwa maisha. Kulikuwa na video za simu, nyie mngesema basi yameisha. Hayakuisha. Moja ilipigwa nyuma ya goli, kipa amejaa kioo chote. Nyingine ilipigwa mbali, unaona vumbi na watu wadogo kama siafu. Tuliirudia na kuirudia, na kila aliyekuwepo akaona alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Wakamwita Masanja. Aliingia na shati alilonunuliwa kwa ajili ya yule mgeni wa kanda ya ziwa.

Mwenyekiti wa kikao akamuuliza, "Uliguswa au hukuguswa?"

Masanja akamkazia macho. "Dada yangu hana kosa. Sikuguswa. Nilijiangusha, nikamdanganya."

Ukumbi mzima ulipumua. Kila mtu alikuwa amepata chake. Refa ni mwaminifu ila alidanganywa, Mizinga wameonewa, mchezo unarudiwa, na mwenye dhambi ni kijana mmoja wa Kibaoni. Hata Bwana Edgar alinitikisia kichwa kwa huruma.

Nikasimama. "Hakujiangusha."

"Madam, tafadhali kaa."

"Aliguswa kwenye kifundo. Nilikuwa pembeni, niliona."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, tunakusaidia hapa. Mwenye mguu wake anasema hakuguswa. Wewe unaujua mguu wake kuliko yeye?"

Watu wakacheka. Na mimi nikasema, bado nayasikia maneno yangu mwenyewe, "Siuzungumzii mguu wake. Nazungumzia nilichokiona."

Masanja akafungiwa msimu mzima. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekataa kusaidiwa, nikarudishwa kushika kibendera mpaka watakapojiridhisha. Mechi ikarudiwa na refa mwingine, Mizinga wakashinda kihalali. Yule mgeni wa kanda ya ziwa aliondoka na basi la asubuhi. Timu kama ile, nikaambiwa, haichukui mchezaji anayekiri mwenyewe kuwa ni mwongo.

Tulipotoka ukumbini, Masanja alikuwa ananingoja kwenye kivuli cha ukuta. Nilimvamia.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Kwa nini umeukataa?" Alinisogelea. "Nilikuwa nakupa kazi yako, dada. Umenitupia usoni mbele ya watu. Ungenyamaza tu, ningeumia mimi peke yangu. Sasa tumeumia wote, na mimi hata shukrani sina."

"Ningenyamaza, siku nyingine nikitoa penalti ningejuaje kama nimeona?"

"Penalti!" akasema, kama mtu anayetema mbegu. "Mimi nilikuwa nazungumzia sisi."

Akaenda stendi. Mavuno mawili yalipita hatujasalimiana. Mama alikuwa akitupikia kila mmoja siku yake.

Nilirudi katikati ya uwanja baadaye, marefa walipopungua tena. Nilichezesha miaka mingi, nikaitwa Mama Penalti na mashabiki wa timu zote, kwa kuwa nilizitoa kwa mjini na kwa kijijini bila kuuliza nani ana gari. Sijisifu. Mkinipa mikanda ya mechi zangu zote, kama ingekuwepo, nina hakika ningekuta nimewanyima Viboko zaidi ya niliyowapa. Hofu ya kuonekana unapendelea ni upendeleo pia, umegeuzwa tu kama soksi. Ndiyo nilichotaka kumwambia yule kijana wa bodaboda, na ndiyo maana usingizi wangu ni wa mang'amung'amu mpaka leo. Mtu akihongwa anajua amehongwa. Mwenye hofu anajiona ni mwadilifu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibaoni, wakati wa kuvuna mpunga. Masanja na mimi tulishapatana zamani, msiba wa mama ulitupatanisha. Sasa ana mvi, anafundisha watoto mpira jioni. Nilimkuta pembeni ya uwanja, nikasimama naye. Watoto wakacheza, mmoja akaanguka mbele ya goli, wengine wakapiga kelele, "Penalti! Penalti!" Masanja akaonyesha mchezo uendelee.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Hatukuwa tumewahi kulitaja jambo lile tangu siku ya ukuta.

"Masanja. Siku ile. Uliguswa?"

Hakushtuka. Alikuwa anautazama mpira. Akaufuata kwa macho mpaka ukatoka nje, ukarushwa, ukarudi ndani.

"Dada, nimesema nilijiangusha mara nyingi sana. Kwa kamati, kwa wenzangu, kwa mke wangu, kwa hawa watoto wakiniuliza kwa nini sikufika mbali. Mwanzoni nilipokuwa nasema, nilikuwa nausikia ule mguu kwenye kifundo. Siku hizi nikiutafuta siupati. Namwona kipa, naona majani, naona uso wako. Mguu siuoni." Akanigeukia. Hakunikazia macho, alinitazama tu kama mtu aliyechoka. "Kweli sijui tena. Labda nilijiangusha."

Mzee Ally hakuona. Video hazikuona. Beki namba nne alishahama mkoa. Na sasa mwenye mguu wake hajui. Katika dunia nzima penalti ile imebaki na mtu mmoja, bibi mmoja wa Nsemulwa mwenye miwani.

"Mimi nauona," nikamwambia.

"Una uhakika?"

"Ulikuwa mguu wa kulia wa namba nne. Ulikukuta kwenye kifundo cha kushoto, kwa nje. Ulipoinuka ukachechemea, ukajitahidi usichechemee ili nikuamini kwamba hukuguswa."

Masanja akainamisha kichwa. Akanyanyua mguu wa kushoto kidogo, akauzungusha taratibu, kama anayeuuliza. Watoto walikuwa wanamwita, kocha, kocha, wanataka aamue kona au goli kiki. Hakuwasikia.